Benaco: wakimbizi waliondoka 1996, mvua zetu anazivuruga nani?



Leo naomba tuongee habari za mvua. Najua kuna watakaosema, "Huyu naye, siasa zimejaa kila kona, yeye anatuletea mambo ya mawingu." Subirini kidogo. Huku kwetu mvua ndiyo siasa yenyewe. Ndiyo bei ya maharage, ndiyo ada ya mdogo wako, na ndiyo sababu mshkaji uliyemaliza naye darasa la saba kaacha jembe na sasa hivi ni utingo wa lori la Burundi.

Sasa, hapa Benaco tuna jibu moja kwa kila swali la hali ya hewa. Vuli ikichelewa: wakimbizi walimaliza miti. Masika ikikatika katikati ya Aprili: wakimbizi walimaliza miti. Kisima kikikauka, jua likichoma, upepo ukiezua bati la gesti: wakimbizi. Nimelisikia jibu hili kwa mama ntilie, nimelisikia kwenye mkutano wa kampeni, nimelisikia kwa dereva wa bodaboda aliyezaliwa mwaka 2003 ambaye hajawahi kuona hata turubai moja la bluu likiwa limesimamishwa. Analitoa kama vile alikuwepo.

Mimi nasema jibu hili lina nusu ya ukweli. Na ile nusu isiyo ya kweli inatugharimu hadi leo.

Kwa mlio mbali na hapa, niwape historia kidogo. Kiserikali eneo hili ni Kasulo, wilaya ya Ngara, mwendo wa kilomita kama ishirini kabla hujafika daraja la Rusumo. Jina la Benaco tuliachiwa na kampuni ya Waitaliano iliyojenga barabara, pamoja na bwawa dogo la maji. Mwaka 1994 Rwanda ilipowaka, tarehe 28 na 29 Aprili, watu zaidi ya laki mbili walivuka Rusumo ndani ya kama saa 24. Wakaletwa hapa kwa sababu palikuwa na nafasi na palikuwa na maji. Baada ya wiki chache hapa pakawa moja ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Kisha zikaja Lumasi, Musuhura, Keza, Lukole. Desemba 1996 serikali pamoja na UNHCR wakatangaza kwamba Wanyarwanda wote wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo, na kweli wakarudi, misururu kwa misururu, kwa barabara ile ile waliyojia. Warundi walibaki Lukole mpaka kambi hiyo nayo ilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 2000.

Kwamba miti ilikatwa, hilo halina ubishi. Hebu tupige hesabu ya kihuni tu. Chukua watu laki nne kwenye kambi za Ngara. Kila mtu mpe kilo moja ya kuni kwa siku, ingawa wapishi mnajua kabisa maharage yale makavu ya msaada hayakuwa yanaiva kwa kilo moja. Hiyo tayari ni tani 400 kwa siku, yaani malori 40 ya tani kumi kumi, kila siku ya Mungu, kwa miaka miwili na miezi nane. Milima ilibaki na visiki, visiki navyo vikang'olewa. Mashirika yaligawa majiko yanayobana kuni, yakagawa miche, yakapeleka malori kuleta kuni kutoka mbali, lakini pamoja na yote hayo watu walitembea masafa marefu kutafuta kuni.

Kwa hiyo anayesema wakimbizi walikata miti hajasema uongo. Swali langu ni jingine. Je, kukata miti ya Kasulo na Lumasi ndiko kulikohamisha vuli?

Hapa inabidi tuelewane mvua yetu inatoka wapi, maana shuleni tulifundishwa kukariri tu "masika Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Desemba" na mtihani ukapita. Jua huvuka ikweta mara mbili kwa mwaka, na ule ukanda wa mawingu ya mvua unalifuata. Ndiyo maana sisi tuna misimu miwili wakati wenzetu wa Tabora na Dodoma wana mmoja mrefu. Lakini huo ukanda ni kama lori tupu. Mzigo unapakiwa sehemu nyingine. Mzigo mkubwa unatoka Bahari ya Hindi. Mwingine unatoka Ziwa Victoria, ambako upepo wa mashariki ukivuka maji unabeba unyevu na kuumwaga upande wa Bukoba na Muleba. Ndiyo maana Bukoba wanapata kama milimita 2,000 kwa mwaka na sisi huku nyuma ya vilima tunaambulia kama nusu yake. Na mara nyingine upepo unageuka, unakuja kutoka magharibi na unyevu wa misitu ya Congo. Hapo Ngara tunalowa kabla Mwanza hawajajua kinachoendelea.

Mkinambia misitu ya Congo ikiisha mvua zetu zitayumba, hapo nakaa kimya nasikiliza, maana ule ni msitu wa nchi nzima nzima. Ila miti ya kilomita kadhaa kuzunguka kambi haiwezi kuiamuru Bahari ya Hindi. Bahari haikujua kama Benaco ipo.

Na kuna jambo la tarehe ambalo kwangu mimi ndilo linamaliza ubishi. Wanaofuatilia mvua za Afrika Mashariki kwa kipimo, sio kwa kumbukumbu za kijiweni, wameonyesha kwamba masika zilianza kupungua katikati ya miaka ya 1980 na kuendelea hivyo mpaka mwishoni mwa miaka ya 2000. Zilipungua kwa namna ya ajabu: zilikuwa zinaanza kwa kuchelewa na kuondoka mapema, yaani msimu ulibanwa huku na huku. Na hali hiyo ilikuwa kali zaidi Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia, sio hapa. Sasa niambieni, mwaka 1985 Benaco kulikuwa na mkimbizi gani wa Rwanda wa kambi? Na Mandera kule Kenya walikatiwa miti na nani wa Lumasi?

Vuli nayo ina bosi wake. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu wa Afrika yakipata joto kuliko upande wa Indonesia, vuli inamwagika mpaka mnaomba isimame. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2019. Mnakumbuka, mvua zile zilifuatana mpaka Mei 2020 Ziwa Victoria likajaa kufikia kiwango cha mwaka 1964, ambacho wazee wa mwaloni walikuwa wanakisimulia kama hadithi. Mwaka 2024 likajaa tena. Mambo yakigeuka, joto likihamia kule Indonesia, na hasa ikitokea mwaka wenye La Niña, vuli yetu inakuwa nyembamba kama uji wa hospitali. Juu ya hayo yote dunia yenyewe inazidi kupata joto, mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa duniani, na hewa yenye joto inanyonya maji ya udongo haraka. Ndiyo maana mvua ile ile ya siku kumi ambayo bibi yangu alivunia maharage, leo hairudishi hata mbegu.

Miti basi ina kazi gani? Ina kazi kubwa, ila inaanza pale tone linapofika chini. Mlima wenye miti unapokea mvua na kuihifadhi, unaitoa taratibu kwenye chemchemi mpaka Agosti. Mlima wenye upara unaipokea mvua ile ile na kuitupa mtoni ndani ya saa mbili, na udongo juu yake. Kwa hiyo kisima kilichokauka, korongo lililokata njia ya shule, upepo unaoezua mabati, hapo ndugu zangu ndipo kukata miti kunahusika kweli kweli. Tofauti hii sio ya wasomi tu. Mvua ikichelewa, dawa yake ni mbegu, tarehe na akiba. Chemchemi ikikauka, dawa yake ni mlima. Sisi tumevichanganya vyote kwenye kapu moja la "wakimbizi" na matokeo yake hatutibu hata kimoja.

Twende kwenye tarehe, maana hapo ndipo watu wanaumia.

Anayelima huku anajua: kiangazi kinaanza Juni, Julai na Agosti ni vumbi na moshi, usiku baridi. Septemba mawingu yanaanza kujikusanya upande wa Burundi. Inanyesha moja, kubwa, ya radi, vumbi lote linakaa chini, kumbikumbi wanatoka, watoto wanakimbizana nao kwenye taa za sheli. Kila mtu anashika jembe. Halafu? Kimya. Wiki mbili, wiki tatu, jua linarudi kama halijawahi kuondoka. Mahindi yaliyoota yanajikunja kama sigara. Hiyo ndiyo mvua ya uongo, na naona miaka hii imekuwa na mazoea.

Mwaka mmoja, siutaji maana kila mtu ana wake, nilipanda kilo kumi za mahindi ya dukani baada ya mvua ya namna hiyo. Jirani yangu, mzee wa Kihangaza aliyenizidi umri kama mara mbili, alinikuta shambani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unapanda?"

"Napanda mzee, mvua si imeanza?"

Akachota udongo, akaufinya, ukamwagika kupitia vidoleni. "Hii imelowanisha vumbi. Haijafika kwenye udongo." Akaenda zake. Yeye alipanda baada ya wiki tatu na nusu.

Mngedhani habari inaishia hapo kwa mzee kuvuna na mimi kulia. Hapana. Mimi mahindi yangu karibu yote yalikufa, sawa, nikanunua mbegu mara ya pili. Lakini ya mzee nayo yalikutwa na Januari ikiwa kavu kabla hayajabeba vizuri, kwa sababu mvua zilikatika mapema. Wote wawili tulipata magunia ya kuhesabu kwa vidole. Yaani ujuzi wake wa miaka sitini ulikuwa sahihi kuhusu mwanzo wa mvua, ila mwisho wa mvua ulihama bila kumuaga. Hili ndilo linalonitisha kuliko ukame. Ukame unaujua. Msimu uliobanwa huku na huku unamfanya hata mwenye akili aonekane mjinga.

Sasa nije kwa wenzetu wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mimi sio katika wale wanaowacheka. Utabiri wao wa vuli unatoka kabla msimu haujaanza, wa masika vivyo hivyo, na kwa mwelekeo wa jumla wanapatia zaidi kuliko kijiwe chochote. Tatizo langu ni neno "wastani". Unasikiliza redio: "Kagera, mvua za wastani hadi juu ya wastani." Kagera ipi? Bukoba ya milimita 2,000 na sisi wa nusu yake tuko kwenye sentensi moja. Na hata wastani wenyewe ni jumla ya msimu mzima. Mvua yote ya vuli inaweza kunyesha Novemba peke yake, ikabomoa kalavati, ikaua maharage kwa kuoza, halafu mwisho wa msimu kwenye karatasi ikasomeka "wastani". Na itakuwa kweli! Mkulima anataka kujua kitu kingine: nikipanda leo, kuna siku kumi kavu mbele yangu au hakuna?

TMA wameanza kushusha utabiri wa msimu hadi ngazi ya wilaya kwa baadhi ya wilaya, na hilo ni jambo zuri. Lakini huwezi kutabiri vizuri mahali usipopima. Kutoka Kabanga mpaka Murusagamba, kutoka Rulenge mpaka Rusumo, vilima na mabonde ni vingi kiasi kwamba mvua inaweza kunyesha upande mmoja wa barabara na upande wa pili watu wakaendelea kuanika dagaa. Kipimo cha mvua sio chombo cha ajabu, ni kopo lenye alama za milimita, na mwalimu yeyote wa jiografia anaweza kukisoma saa tatu asubuhi. Tuna shule za sekondari za kata. Tuna vijana wa kidato cha tatu wanaokariri milimita za mvua za London. Kipimo cha kata yao hakuna.

Kuna jambo la mpakani ambalo watu wa Dar huwa hawalioni. Vuli yetu ndiyo msimu mkuu wa kwanza wa Rwanda na Burundi pia. Mawingu hayaonyeshi pasipoti Rusumo. Ikifeli kwetu, mara nyingi imefeli na kwao. Kwa hiyo wiki ile ile unayovuna magunia mawili badala ya nane, ndiyo wiki ambayo wanunuzi wanafika Benaco na hela mkononi, kwa lumbesa, bila kuuliza sana. Wewe una ada ya Januari. Unauza. Machi unarudi kununua maharage yale yale kwa bei ya kukuondoa roho. Siwalaumu wanunuzi, biashara ni biashara na Benaco inaishi kwa mpaka. Malori yakisimama, mama ntilie, gesti, mafundi matairi, wote tunalala njaa. Ila kila mtu ajue kwamba kwetu mvua mbaya inapiga mara mbili, shambani na sokoni. Wenzetu wa Rwanda mwaka 2019 walianzisha bima ya mazao na mifugo ambayo serikali inachangia sehemu ya malipo. Sisemi imemaliza shida zao. Nasema mtu wa ng'ambo ya mto mwenye mawingu yale yale kama mimi ana kitu cha kushika, mimi wa huku bwana shamba nikimtafuta anapatikana kwa msimu, kama senene.

Haya, turudi kwenye miti, lakini miti ya leo.

Wanyarwanda wa Benaco wameondoka mwaka 1996. Mti uliopandwa au kuchipua mwaka 1997 leo ungekuwa unakumbatiwa na watu wawili. Uko wapi? Vilima vya kuzunguka hapa viliota tena, niliviona mimi mwenyewe nikiwa mdogo vikirudi kijani, vichaka kwanza, kisha miti. Nani kavikata mara ya pili?

Pita barabara ya kuelekea Lusahunga jioni uhesabu magunia ya mkaa yaliyopangwa pembeni na majani yamechomekwa juu. Lori linalorudi Dar tupu kutoka Kigali linasimama, magunia sita, kumi, yanapanda juu. Tanuri letu la udongo linahitaji kilo kama sita hadi kumi za mti ili kutoa kilo moja ya mkaa. Yaani gunia la kilo 50 ni kilo 300 mpaka 500 za mti. Gunia kumi ni mpaka tani tano. Bado hatujaifikia kasi ya kambi ya 1994, sitaki kutia chumvi. Ila kambi ilidumu miaka miwili na miezi. Sisi tuko kwenye mwaka wa thelathini na kitu tunaendelea, na hatuna UNHCR wa kutuletea miche.

Halafu moto. Julai na Agosti vilima vinawaka usiku kama tambi ya taa. Anayechoma anataka majani mabichi ya mifugo, au anasafisha shamba, au anawinda, au hana sababu yoyote. Mche wa miaka mitatu hauwezi kushindana na hilo.

Baada ya wakimbizi tulipata wa kumlaumu mwingine: wafugaji wahamiaji. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga, Kagera, Geita na Kigoma. Watu wengi wakaondolewa na ng'ombe wao, wakiwemo waliokuwa wameishi huku miaka mingi kiasi kwamba watoto wao Kinyarwanda chao ni cha kuchechemea. Niliwasikia watu wazima wakisema sasa pori la Burigi litapumua na mvua zitarudi. Haya, mwaka 2019 Burigi pamoja na mapori jirani yakawa hifadhi ya taifa, Burigi-Chato. Kwa wanyama na misitu naunga mkono. Lakini vuli je, imerudi kwenye tarehe zake? Tumeondoa wakimbizi, tumeondoa wafugaji, na Septemba bado inatudanganya. Nadhani tumeishiwa watu wa kuondoa.

Ninachosema hapa sio kuwatetea waliokata. Nasema kisingizio kina faida kwa mtu fulani. Kiongozi akiulizwa kwa nini chanzo cha maji kimekauka, akijibu "ni athari za wakimbizi", swali linafia hapo hapo. Hakuna atakayeuliza kibali cha mkaa kilitolewa kwa mangapi na yamekatwa mangapi. Hakuna atakayeuliza miche iliyopandwa siku ya kupanda miti, ile yenye picha na kofia, imebaki mingapi. Mkimbizi wa 1994 ni mshitakiwa mzuri sana, hayupo mahakamani na hawezi kukata rufaa.

Serikali kuu imesema mengi kuhusu kupika. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliambiwa ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 2024. Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wameifikia mwaka 2034. Sawa, lengo zuri. Mama ntilie wa hapa ana mtungi mdogo wa gesi kweli, anachemshia chai ya dereva mwenye haraka. Maharage na ndizi anapika kwa mkaa, kwa sababu mkaa ananunua wa siku moja na gesi lazima anunue ya mwezi. Na mkaa wenyewe anauona unapita mbele ya mlango wake.

Kuna sababu moja mpya ya kulichukulia hili kwa uzito. Pale Rusumo, ambapo Ruvubu kutoka Burundi na Kagera kutoka Rwanda zinakutana kabla ya kuporomoka, sasa tuna mtambo wa umeme wa megawati 80, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa kwa sawa. Ulianza kuzalisha mwaka 2023. Mpango wa awali ulikuwa na bwawa kubwa, ukabadilishwa ili watu wengi wasihamishwe. Mtambo uliojengwa unatumia maji yanayopita tu. Hiyo maana yake hakuna stoo. Mto ukijaa Aprili huwezi kuweka maji ya Agosti. Vilima vya Burundi, Rwanda na Ngara ndiyo stoo yenyewe. Vikiwa na upara, maji yote yanakuja siku moja yakiwa rangi ya chai ya maziwa, kisha kiangazi mto unanywea. Kwa hiyo ukiona taa za saluni yako zinapepesa Agosti, usiangalie TANESCO tu, inua macho juu ya kilima.

Kwa upande wangu siombi mradi mkubwa. Naomba halmashauri za Ngara na Biharamulo ziweke kipimo cha mvua kwenye kila shule ya sekondari ya kata na takwimu zibandikwe ubaoni pale ofisi ya kata, kila Jumatatu. Mwanafunzi asome, mtendaji abandike. Miaka mitano ya namba hizo TMA watazichangamkia. Naomba orodha ya vibali vya mkaa ibandikwe ubao huo huo. Na mbegu za muda mfupi pamoja na mbolea ya ruzuku zifike Agosti, sio Novemba wakati mahindi yanafika magotini.

Wakati tunasubiri, tuanze wenyewe hapa hapa. Mlioko Kabanga, Rulenge, Murusagamba, Kasulo, Nyakahura, Lusahunga, na nyie wa Biharamulo mjini, andikeni chini: kata yako, tarehe mvua ya kwanza ya vuli iliponyesha msimu uliopita, siku ngapi zilipita kavu kabla ya ya pili, na ulipanda lini. Kama hukumbuki muulize mama, mama anakumbuka. Asiyelima aandike lini chemchemi ya kwao ilikauka. Nitazipanga kwa kata na kuziweka hapa kabla kumbikumbi hawajatoka tena.